Adui Alalaye Ndani ya Bua

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitale



Nimeombwa niseme machache juu ya funza wa mabua, nami sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu. Mwaka mmoja niliona matundu katika mabua ya mahindi yangu, nikanunua dawa kwa fedha nilizomwekea mtoto karo. Dawa ilikwisha, karo ikapotea, na funza wakabaki. Nilikuwa nimechelewa.

Nondo hutaga mayai usiku, kati ya jani na bua. Baada ya juma moja hivi mayai huanguliwa, na watoto hula majani machanga katika moyo wa mmea. Wakati huo ndipo dawa iwezapo kuwafikia. Wakiisha kuingia ndani ya bua, wamejifungia mlango. Mavuno yakipita, hulala katika mabua makavu hata mvua inyeshe, ndipo watokapo nondo wapya. Basi mabua tuyarundikayo uani ni ghala la adui.

Lakini tunaye msaidizi. Yuko nyigu mdogo mweusi, amfuataye funza hata ndani ya bua na kutaga mayai mwilini mwake. Watoto wa nyigu humla funza, kisha hutoka na kujifumia vifuko vyeupe. Asiyejua huviponda akidhani ni mayai ya funza. Tusiviponde, na tukumbuke kwamba dawa humwua nyigu huyu pia.

Tena, katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE na wenzao walijaribu hapa Trans Nzoia njia iitwayo sukuma-vuta. Desmodiumu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na majani ya nepia huzunguka shamba ili kumvuta. Funza wengi wanaozaliwa humo hufa. Desmodiumu huzuia pia kiduha, kinachowatesa ndugu zetu wa Bungoma, na yote mawili ni chakula cha ng'ombe.

Wazee wangu, siwezi kuwaambia akina mama wateketeze kuni zao. Ombi langu ni hili: kabla ya kuyarundika mabua, tuyalaze juani majuma manne, kwa kuwa jua huwaua funza wengi. Nasi tufanye hivyo sote pamoja, maana nondo hajui mpaka wa shamba. Uvivu wa mmoja ni njaa ya jirani.