Mboga Hupotea Jikoni Kabla ya Kupotea Shambani

(Hotuba ya mwanafunzi wa chuo kwa wakaazi wa Kaunti ya Kakamega)



Nikisema ninasomea chakula, utamaduni na utunzaji wa mazingira, wengi huniuliza, "Kwani kula nako kunasomewa?" Leo nitajibu kwa kutumia mboga tunazozijua sote: mrenda, saga, managu, kunde na mitoo.

Mwaka wa 2007 Kenya ilianza juhudi za kulinda vyakula vya kienyeji, kwa kuwa vilidharauliwa na kuitwa chakula cha maskini. Wanasayansi na wanajamii waliorodhesha takriban mimea 850 ya asili, pamoja na majina na matumizi yake. Wanafunzi wa shule za msingi pia walishiriki kukusanya maarifa hayo, katika jamii ya Isukha hapa kwetu na katika jamii ya Wapokot. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano bora wa kuhifadhi utamaduni.

Tunajivunia hilo. Hata hivyo, orodha peke yake haiwezi kuokoa mboga. Masomo yangu yamenionyesha kwamba mboga hupotea jikoni kwanza. Kijana asiyejua kwamba uchungu wa saga hupungua ikipikwa kwa maziwa na kulazwa, ataionja mara moja na kuikataa. Asiyejua kuchuja maji kwenye majivu ya maganda ya maharagwe ili apate musherekha, mboga zake hazitalainika vizuri. Mlaji akikataa, mama wa sokoni haleti. Mama asipoleta, mkulima hapandi. Mkulima asipopanda, mbegu inaisha.

Hasara hiyo itatugusa mfukoni na shambani. Mizizi ya kunde huongeza naitrojeni kwenye udongo, na hilo ni muhimu kwa mkulima anayelemewa na bei ya mbolea. Saga huvumilia ukame, na huanza kuchumwa wiki chache tu baada ya kupandwa. Mboga hizi zikitoweka, tutanunua kwa pesa kile ambacho nyanya zetu walichuma nyuma ya nyumba.

Kwa hivyo nina maombi matatu.

Kwanza, wazazi, mnapopika mboga za kienyeji waiteni watoto jikoni, wavulana kwa wasichana. Waonyesheni jinsi ya kuchambua, kuchanganya na kupima musherekha, kwani ukizidi huharibu ladha na hupunguza vitamini.

Pili, kila mkulima aache mimea michache yenye afya bila kuichuma majani, iwe ya mbegu. Vuna maganda ya saga yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu. Kausha kivulini, kisha uhifadhi mahali pakavu. Usishangae mbegu mpya ikikataa kuota: ya saga huota vizuri zaidi ikikaa miezi kadhaa.

Tatu, vijana wenzangu, tuwaulize wazee wetu maswali wangali nasi, na tuandike majibu yao kwa lugha zetu. Mimi nitarudi chuoni wiki ijayo, lakini walimu wa somo hili mnao hapa nyumbani.