Hotuba ya Mahafali kwa Wahitimu wa Ufundi: Kipenyo na Nusu Kipenyo

Kipenyo cha duara lolote ni mara mbili ya nusu kipenyo. Nusu kipenyo huanzia kitovuni na kuishia kwenye mzingo. Kipenyo hutoka mzingo hadi mzingo kwa kupita kitovuni, hivyo ni nusu kipenyo mbili zilizolala katika mstari mmoja. Mstari mwingine wowote ulionyooka kutoka mzingo hadi mzingo, usiopita kitovuni, ni mfupi zaidi. Ncha zake zikiunganishwa na kitovu hutokea pembetatu, na upande mmoja wa pembetatu haufikii jumla ya pande mbili zilizobaki, ambazo hapa ni nusu kipenyo mbili.

Mtwara ina mfano mkubwa wa jambo hili. Bomba linalopeleka Dar es Salaam gesi ya Mnazi Bay, baada ya kusafishwa Madimba, lilizinduliwa Oktoba 2015 na lina kipenyo cha inchi 36. Nusu kipenyo ni inchi 18, yaani sentimita 45.72. Bomba hutajwa kwa kipenyo kwa sababu nzuri: kitovu chake ni uwazi, hakuna pa kuegemeza ncha ya rula. Fundi hupima ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na kipimo kirefu kuliko vyote ndicho kipenyo. Akizungusha tepu kwa nje hupata mzingo wa takriban inchi 113. Akigawa kwa 3.1416 anarudi kwenye 36.

Hesabu, kwa upande wake, hudai nusu kipenyo. Eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo kipeo cha pili. Tawi la bomba hilo, linaloleta gesi ya Songo Songo hadi Somanga Fungu, lina kipenyo cha inchi 24, kwa hiyo nusu kipenyo ni 12. Kipeo cha pili cha 18 ni 324. Cha 12 ni 144. Bomba kuu linalizidi tawi kwa kipenyo mara moja na nusu tu, lakini kwa eneo ni mara mbili na robo. Anayesahau kugawa kipenyo kwa mbili hupata eneo mara nne ya lile la kweli, na hilo ni kosa zito panapokadiriwa mtiririko wa gesi.

Unene wa chuma nao una hesabu yake. Kwa mabomba makubwa kama haya, inchi 36 ni kipimo cha nje. Ukuta ukiwa na unene wa nusu inchi, kipenyo cha ndani hupungua inchi nzima na kubaki 35, maana ukuta uko pande zote mbili. Nusu kipenyo hupungua nusu inchi tu, hubaki 17.5. Mhitimu anayekabidhiwa mchoro na ahakikishe kwanza kama namba iliyoandikwa ni ya kipenyo au ya nusu kipenyo, ya nje au ya ndani, ndipo akate chuma.