SANDUKU LA WAMAMA NI LA MJI MZIMA
Hotuba ya wamama wa likirimba mbele ya wachimbaji na watu wa mji, Bweremana



Tumeitwa tueleze habari ya likirimba, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wasema likirimba ni masengenyo ya wanawake. Wengine wasema ni njia ya kuficha faranga za bwana. Na wengine, wenye kuona mbali, watuuliza swali lililo gumu zaidi: kwa nini wamama maskini wawape maskini wengine, nao wenyewe hawajashiba? Maswali haya yote yanastahili jibu.

Kwanza tuangalie umaskini wenyewe unatoka wapi hapa kwetu. Bweremana yetu iko kando ya ziwa Kivu, katika barabara ya kutoka Goma kupita Sake, Kirotshe na Shasha mpaka Minova. Tuna sambaza ziwani, tuna muhogo na maharagi milimani, na vijana wetu wanapanda kwenda machimbo ya Rubaya na ya Numbi kutafuta koltani. Mtu wa mbali akisikia hayo atasema, hawa ni matajiri. Lakini mchimbaji wa jembe na patasi hana mshahara wa mwezi. Anakula kwa deni mpaka kilo zipatikane, na kilo zikipatikana, deni linakula kwanza. Shimo likiporomoka wakati wa mvua, hakuna kampuni itakayomlipa mjane, maana marehemu hakuandikwa kazini popote. Mama anabaki na watoto, na kodi ya nyumba, na jembe la marehemu kama limeonekana.

Tena kuna vita. Mwezi wa pili wa mwaka 2024 barabara ilikatwa huko Shasha. Watu wa Sake walikimbia, wengine Goma, wengine huku kwetu na Minova. Wamama wa biashara waliachana na motokari, wakapanda mashua kupeleka mizigo Goma. Na tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka ule ule, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, ikaua watu wengi. Mama aliyekufa majini alikuwa benki ya watoto wake.

Basi, mbele ya mambo hayo wamama walifanya nini? Walifanya lile walilolijua.

Likirimba ya zamani ni rahisi. Wamama kumi wanakutana, kila mmoja anatoa kiasi kimoja, na mmoja anabeba zote. Juma lijalo anabeba mwingine, mpaka zamu iishe. Mmoja ananunua kikwembe, mmoja analipa shule, mmoja anaongeza mtaji wa makala au wa samaki. Ni jambo zuri, lakini lina kasoro moja: linamsaidia yule aliye na kitu cha kutoa. Asiye na kitu anabaki nje, akitazama.

Ndiyo sababu vikundi vingi vya Kivu vilijifunza njia nyingine. Kuna MUSO, yaani mituweli ya mshikamano, yenye masanduku yake. Sanduku la kijani ni la kukopeshana. Sanduku jekundu ni la taabu: ugonjwa, msiba, moto, kukimbia. Kuna na la bluu kwa fedha zinazotoka nje. Faranga za sanduku moja hazichanganywi na za jingine. Kuna pia vikundi vinavyoitwa AVEC. Mtindo huo ulianza nchi ya Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini, ukaenea Afrika nzima. Humo kila mama ananunua hisa, tangu moja mpaka tano kwa mkutano, na kitabu chake kinapigwa muhuri ili hata asiyejua kusoma ahesabu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zakaa kwa watu watatu, wala mwenye sanduku hana ufunguo. Baada ya mwaka au karibu yake, wanavunja sanduku na kila mtu anapata chake pamoja na faida. Na pembeni kuna mfuko wa taabu, ambao haugawanywi ovyo.

Sikieni hesabu yake. Wamama 25, kila mmoja akiweka faranga 500 kwa juma katika sanduku la taabu, ni faranga 12,500. Kwa majuma manne ni faranga 50,000. Vikundi kumi vikifanya hivyo, ni faranga 500,000. Hakuna mama mmoja aliyeumia kwa faranga 500, lakini kuna nyumba zilizopata unga, sabuni, sufuria na ubao wa jeneza.

Kazi ya namna hii si ngeni katika Afrika yetu. Mwaka 1955 huko Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alipotafuta wanawake wa kuingia TANU, hakuanza kwa watu wa maofisi. Alikwenda kwa vikundi vya ngoma ya lelemama, ambavyo yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wake. Vikundi hivyo vilikuwa vimezoea kuchangiana arusi na maziko. Katika miezi michache tu wanawake 5,000 waliandikwa. Na huko Kenya, miaka ya 1960, wanawake wa milimani walichangiana mabati, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka nyumba za majani zikageuka. Waliozoea kuchanga kidogo kidogo wanaweza kuinua jambo kubwa siku ikifika.

Sasa tulijibu lile swali gumu: kwa nini tumpe mgeni?

Wandugu, tukumbuke. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, Nyiragongo ulitapika moto. Siku tano baadaye watu wa Goma waliamriwa kuhama, na maelfu wakamiminika Sake. Siku zile mtu wa Sake alikuwa mwenyeji, na mtu wa Goma mgeni mwenye godoro kichwani. Haikupita miaka mitatu, mtu wa Sake naye akawa mgeni, akikimbilia Goma. Tena mwezi wa pili mwaka 2025, waliokuwa katika kambi za Goma waliambiwa waondoke kwa siku chache, wakarudi kwenye vijiji vyenye nyumba zilizobomoka na mashamba yaliyojaa majani. Katika barabara hii moja, nani anaweza kuapa kwamba hatakuwa mgeni kesho? Tukimpa mgeni, twaweka akiba mahali ambapo mwizi hafiki.

Lakini kutoa nako kuna adabu yake. Mwenye njaa hapewi mkopo. Ukimkopesha asiye na chakula, umemwongezea mzigo, naye atakukimbia sokoni. Yeye apewe, na yakiisha yamekwisha. Mkopo ni wa yule mwenye biashara itakayouzaa. Tena msaada usipelekwe kwa vigelegele, wala jina la aliyesaidiwa lisitajwe barazani. Wamama wawili wanakwenda jioni, wanaweka unga, wanauliza hali ya watoto, wanarudi. Na anayechaguliwa achaguliwe kwa hali yake, si kwa kabila lake wala kwa kanisa lake. Siku sanduku litakapouliza kabila, siku hiyo limekufa.

Kuna hatari pia, na hatuzifichi. Sanduku lenye faranga nyingi linaita wezi. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita ilipofika Goma, mabenki yalifungwa, na wenye akiba humo walibaki na vitabu mkononi bila faranga. Wenye sanduku nyumbani waliweza kugawana upesi, lakini wale ambao sanduku lao lilionekana waliweza kunyang'anywa lote. Fundisho ni kwamba faranga zisilale nyingi mahali pamoja. Zikopeshwe kwa wamama wa biashara, au sehemu yake igeuzwe maharagi na sabuni, vitu ambavyo vyaweza kugawanywa usiku mmoja. Na fedha za simu ni nzuri, ila simu ina mwenye nayo mmoja tu. Basi wengine wawili washuhudie kila zinapoingia na zinapotoka.

Neno jingine lazima tuliseme. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi yalipunguza kazi. Watu wakasema, sasa wamama watatuvusha. Hapana. Sanduku letu haliwezi kununua dawa za lopitali nzima ya Kirotshe, wala kujenga barabara, wala kulipa walimu. Anayekusanya kodi ana deni la kufanya hayo, yeyote awaye. Twabeba taabu ya jirani kwa sababu ni jirani. Hatubebi ili wenye wajibu walale usingizi.

Sasa tuna maombi manne.

La kwanza, kwa waume zetu. Msichukue faranga za likirimba kwa nguvu. Sheria ya nchi ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa lile sharti kwamba mke asifanye jambo la sheria bila ruhusa ya mume. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, mume anayevunja zamu ya mke wake amewaibia wanawake kumi, si mmoja.

La pili, kwa wachimbaji. Siku negosia anapolipa, kabla ya bia, toeni kidogo kwa sanduku la taabu la mtaa wenu. Ninyi ndio mnaoijua hatari ya shimo, na wajane tunaowapelekea unga wengi walikuwa wake wa rafiki zenu.

La tatu ni kubwa kuliko yote. Mwenzenu akifa shimoni, msimletee mjane maiti peke yake. Mleteeni hesabu. Alikuwa na kilo ngapi mezani kwa negosia? Nani anadaiwa naye? Jembe na taa viko wapi? Mara nyingi wenye kudai marehemu wanafika siku ya matanga, lakini wenye kudaiwa naye hawaonekani. Semeni mnayoyajua mbele ya wazee, yaandikwe. Haki ya mjane ikilipwa, hatahitaji sadaka yetu.

La nne, kwa vijana mliosoma. Njooni siku ya mkutano, mtusomee kitabu cha hesabu kwa sauti, mbele ya wote. Ufunguo wa nne wa sanduku ni kitabu kilicho wazi.

Haba na haba hujaza kibaba, wandugu, nacho kibaba kikishajaa twajua ni nyumba gani zinakingoja. Jumapili baada ya ibada wamama watakuwa sokoni na kitabu. Asiye na faranga alete kopo la maharagi. Asiye na maharagi alete habari ya nyumba yenye taabu ambayo hatujaijua.