Hamu ya Pilipili ya Nyumbani

Masomo: Hesabu 11:4-9, Yeremia 29:4-7

Wapendwa wasikilizaji wa Kasongo, Kabambare na kila mahali redio inapofika, leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachokaa katika kinu cha kila mama: pilipili.

Wengi wetu tuna ndugu walio mbali. Vita vya 1996 na vile vilivyofuata viliwavusha watu wetu Ziwa Tanganyika. Wengi waliingia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, na baadhi yao wakapelekwa mpaka Marekani. Kambini wanagawiwa unga wa mahindi, njegere kavu, mafuta na chumvi. Tumbo linapata kitu, lakini ulimi unauliza: sombe ya mawese iko wapi? Pilipili iko wapi? Marekani nako maduka yamejaa, lakini harufu ya kwetu haimo. Ndipo simu inalia: "Mama, unitumie pilipili kavu."

Je, hamu hiyo ni dhambi?

Kwanza, tuwatazame Waisraeli jangwani. Walikumbuka samaki, matango na vitunguu saumu vya Misri. Kosa halikuwa kukumbuka. Kosa ni kwamba walikumbuka kitunguu saumu wakasahau matofali na fimbo, tena wakaidharau mana ambayo Mungu aliwapa kila siku. Ndugu uliye ugenini, ukilia kwa ajili ya chungu cha mama yako, Mungu hakukasirikii. Mwambie. Lakini usilaani sahani iliyo mbele yako.

Pili, Mungu aliwaagiza mateka wa Babeli, kwa barua ya Yeremia, wajenge nyumba na wapande bustani. Hakuwakataza kuukumbuka Yerusalemu; aliwaamuru wapande. Na pilipili yenyewe ni mhubiri. Tunaiita ya kwetu, kumbe ilikuwa mgeni! Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Wareno waliileta Afrika baada ya 1492. Muhogo wa bugali wetu ulipita njia hiyo hiyo. Mpunga nao uliletwa Maniema na wafanyabiashara kutoka Zanzibar katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip. Pilipili ilivuka bahari, ikapandwa katika udongo wa wengine, na ukali wake haukupungua. Nawe usipoteze ukali wa imani yako ugenini. Panda mbegu, hata katika kopo dirishani.

Tatu, sisi tuliobaki. Mtoto akiomba pilipili, tusimcheke tukisema, "Ana dola, analilia nini?" Anaomba akumbukwe. Mtumie, na umwombee. Tena tusitazame mbali tu. Bunduki zikilia upande wa Salamabila, wenzetu wanakimbilia kwetu. Mama aliyeacha shamba lake anaona haya kuomba pilipili kwa jirani kila jioni. Usingoje aombe. Mpe ya leo, halafu mpe mbegu na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, apande yake. Hapo atajua kwamba Mungu hakumwacha njiani.

Bwana awakumbuke wote walio ugenini, naye atufundishe kuwapokea walio mlangoni petu. Amina.