Msahihishe, usimdhalilishe

Leo tunazungumza na ninyi mnaosimamia watu: wakuu wa idara, wasimamizi wa zamu, wenye maduka na hoteli.

Mhudumu amekosea hesabu. Unamfokea mbele ya wateja, au unamwanika kwenye kundi la WhatsApp la kazini wenzake wote wasome. Huko si kusimamia kazi. Unamvunjia heshima mtu mzima, na siku nyingine atakuficha kosa kubwa zaidi. Mwite pembeni. Mtajie kosa lenyewe, lilitokea lini, kisha umwache aeleze. Msikilize kweli, huenda alikuwa peke yake kaunta nzima.

Na ukifikia hatua ya kumwachisha, sheria ina masharti yake. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali, na afuate utaratibu wa haki, kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinampa mtuhumiwa, kwa kawaida, angalau saa 48 za kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, tena aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Na ukimfanyia mtu vituko mpaka kazi ikawa haivumiliki akajiuzulu, sheria inaweza kuhesabu kwamba wewe ndiye uliyemwachisha.

Nawe uliyeachishwa isivyo haki, peleka lalamiko lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usikae ukisubiri kuitwa kwa mazungumzo. Siku hizo zinaendelea kuhesabiwa.