Benchi la Harare na Tiba ya Wasiwasi
Mtu aliyestaafu au kufiwa na mwenzi wake, akaandamwa na wasiwasi usiomwacha alale, aghalabu huambiwa asubiri. Ilhali mjini Harare, tangu mwaka 2006, tabibu Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakamsikiliza kwanza, kisha wakamwachia mwenyewe achague shida moja na kuitafutia ufumbuzi. Utafiti wa njia hii kwa watu 573, uliotangazwa mwaka 2016, ulidhihirisha nafuu kubwa. Naam, mwenye maradhi mazito hana budi kumwendea bingwa. Nawe msikilizaji, ukionana na mshauri, muulize waziwazi njia yake ni ipi. Isipokufaa baada ya vikao kadhaa, una haki ya kutaka nyingine.