Mkopo wa halmashauri una wenyewe

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji,

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama yangu mdogo anayeishi Kiabakari, wilayani Butiama. Baada ya salamu, na habari za watoto, mvua na muhogo, alinieleza shida yake. Yeye na wenzake tisa wameunda kikundi. Wamesikia kwamba halmashauri inatoa mikopo isiyo na riba, na wameambiwa lazima wapeleke andiko la mradi. "Mwanangu," akasema, "wewe umesoma, tena unasema redioni kila wiki. Hebu tuandikie. Weka lolote litakalowapendeza wakubwa, sisi tutatia saini."

Maneno hayo ya mwisho yalininyima usingizi, nami nitakueleza kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilianza kuzitaka halmashauri zitenge sehemu ya mapato yao ili kuwakopesha wanawake na vijana. Wakati huo mimi nilikuwa kijana katika mji ambao sitautaja. Tulikusanyika vijana kumi, tukaunda kikundi. Kilikuwa na jina zuri, mwenyekiti, katibu, na mhuri tuliochongewa na fundi viatu. Mradi tulioandika ulikuwa wa kufuga kuku. Banda hatukuwa nalo, kuku hatukuwa nao, na kati yetu hakuna aliyepata kulisha hata tetea mmoja. Fedha zilipotoka tuligawana siku hiyo hiyo chini ya mwembe, kila mtu akaenda zake. Mimi nilinunua redio na viatu. Hatukurudisha hata senti tano.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikikisimulia kisa hicho kama kichekesho, na watu walikuwa wakicheka. Safari hii sikucheka. Nilifunga mfuko wangu, nikapanda basi.

Kiabakari iko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza, ikapita Bunda na kuendelea hadi Musoma na Sirari. Wazee wa pale wanaukumbuka mgodi wa dhahabu wa enzi za mkoloni, uliokuja kufungwa miaka ya 1960. Tangu hapo watu wengi wameendelea kutegemea jembe, mifugo na biashara ndogondogo. Dhahabu iliondoka, muhogo ukabaki.

Nilikutana na wale akina mama uani kwa mama mdogo. Baada ya kuamkiana nikawauliza swali moja: hizo fedha mnazotaka kukopa ni za nani?

Wa kwanza akasema ni za Serikali. Wa pili akasema ni za Rais. Wa tatu akasema bila shaka ni za wafadhili kutoka Ulaya. Mama mdogo akawasahihisha: ni za halmashauri. Nikauliza tena, na halmashauri nayo imezipata wapi? Pakawa kimya. Kisha mmoja wao, muuza dagaa, akasema taratibu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Juzi pale gulioni nimekatiwa risiti ya ushuru. Au ndizo hizo?"

Ndizo hizo, ndugu msikilizaji. Mama yule hakusoma sheria, lakini alilipata jibu ambalo wengi wetu wa mjini hatulijui.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani. Sheria za kuzirudisha zilitungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi. Sababu kubwa ya kuzirudisha ilikuwa kwamba wananchi wawe na chombo chao kinachokusanya na kutumia fedha yao, karibu na macho yao. Butiama yenyewe ni wilaya changa. Ilimegwa kutoka Musoma mwaka 2012.

Mwaka 2018 Bunge liliibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na jambo ambalo hapo kabla lilikuwa agizo likawa lazima. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyokwisha pangiwa kazi maalumu. Asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Fedha zinazorejeshwa hukopeshwa wengine.

Sasa tupige hesabu ya sokoni. Tuseme halmashauri moja ya vijijini imekusanya, katika mapato hayo, shilingi bilioni 1. Asilimia 10 ni milioni 100. Wanawake wa wilaya nzima fungu lao ni milioni 40. Kama wilaya ina kata 20, ukigawa sawasawa kila kata inapata milioni 2. Hiyo ni kwa kata nzima, yenye vijiji kadhaa na vikundi chungu nzima! Fungu hilo peke yake halitoshi, na halitatosha kamwe. Linatosha kwa njia moja tu: kikundi cha kwanza kirudishe ili cha pili kipate, na cha pili kirudishe ili cha tatu kipate. Kwa hiyo asiyelipa hamkomoi mkurugenzi wala diwani. Anamnyima jirani yake, ambaye yawezekana ndiye aliyelipa ushuru wa gulioni.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini kwa mikopo ya umma tumezoea harusi bila matanga. Mwaka 2006 Serikali ya Awamu ya Nne ilipotoa fedha za kuwakopesha wananchi wenye shughuli ndogondogo, watu walizibatiza jina la "mabilioni ya JK". Jina hilo pekee lilitosha kuharibu kazi. Mtu akishaambiwa fedha ni za mkubwa fulani huzipokea kama zawadi ya sikukuu. Nani anarudisha zawadi?

Matokeo yake tumeyaona. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mabilioni ya shilingi ya hii asilimia 10 yaliyokopwa bila kurejeshwa, na zikataja vikundi hewa. Mwezi Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Fikiria hapo: vikundi vilivyokuwa vinalipa vizuri, na vile vilivyokuwa vimefikia zamu yao, vyote vikafungiwa mlango kwa makosa ya wengine. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mikopo inarudi kwa utaratibu mpya. Kati ya halmashauri 184 nchini, 10 zilichaguliwa kujaribu kukopesha kwa kupitia benki, na zilizobaki zikapangiwa utaratibu wa zamani uliofanyiwa marekebisho. Butiama haikuwamo katika zile 10.

Hapa sharti tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha zile ni za kuunga mkono kazi ambayo wananchi wenyewe wameianza, kama vile darasa lililofika kwenye linta au zahanati inayosubiri bati. Hizo hazirudishwi. Asilimia 10 ya halmashauri ni mkopo. Anayekuja kijijini na kuviita vyote viwili "fedha zenu mlizoletewa" anawapoteza watu, hasa uchaguzi unapokaribia.

Wala nisiwaonee wakopaji peke yao. Halmashauri nayo ina deni lake. Ikikusanya ushuru kila gulio na isitenge fungu linalotakiwa, imewakopa wananchi. Ikitenga na kuwapa shemeji na marafiki wa wakubwa, imeiba mara mbili. Vikundi vilivyopata mkopo vibandikwe majina kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji: nani kapewa, kiasi gani, amerudisha kiasi gani. Baraza la madiwani liulize kila kikao. Afisa Maendeleo ya Jamii aende akalione banda la kuku kabla ya fedha kutoka. Wakati wetu angekuja mtu mmoja tu na kuuliza, "Kuku wako wapi?", ningebaki bila redio, lakini ningebaki na heshima yangu.

Na wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, usiseme haya ni ya wakulima. Ushuru wa soko unalonunua nyanya na ada ya leseni ya duka lako ni katika vyanzo vya mapato ya manispaa au jiji lako. Nako kuna fungu la asilimia 10, na huenda ni kubwa mara nyingi kuliko la Butiama. Je, umewahi kuuliza lilikwenda wapi? Tena ni sisi wa mjini tunaopigiwa simu na ndugu zetu tuwaandikie maandiko. Tunaandika ufugaji wa nyuki kwa mtu anayeogopa nyuki, kwa kuwa tumesikia kwamba nyuki ndio wanaopendwa mwaka huu.

Turudi uani kwa mama mdogo. Nilipomaliza kusema, nilikataa kuandika. Badala yake nikawaomba daftari lao. Wakaniletea daftari la shule lenye gamba lililochanika, na ndani nikakuta kila mchango wa kila wiki kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, majina kumi, na alama ya msalaba kwa aliyekosa. Mali bila daftari huisha bila habari, na hawa mali yao ilikuwa na habari zote. Hawakujua kwamba lile daftari ndilo andiko.

Tukaulizana ni kazi gani wanayoifanya sasa, leo, kabla ya mkopo. Wananunua muhogo shambani, wanaumenya, wanauvundika, wanauanika juu ya mawe, wanauza udaga kwa madebe. Kinachowasumbua ni nini? Wakati wa mavuno muhogo ni wa bei ndogo lakini mkononi hawana fedha ya kununua mwingi, wala hawana mahali pakavu pa kuuweka. Basi! Walikuwa wamefikiria kuomba mashine ya kusaga kwa sababu kikundi fulani kiliomba hiyo. Wakaiacha. Wakaamua kuomba fedha ya kununulia muhogo wa msimu mmoja na kukodi chumba kimoja cha stoo, wakapanga kurejesha kila wanapouza. Katibu wao aliandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko wa darasa la saba. Mimi nilisahihisha tahajia tu.

Andiko limepelekwa. Jibu bado. Yawezekana watapata, yawezekana watakosa, maana waombaji ni wengi na fungu ni dogo. Lakini wakikosa, kikundi kitakuwapo wiki ijayo, kwa kuwa hakikuzaliwa na mkopo.

Wakati wa kuagana niliona haya kuondoka bila kusema kweli. Nikawasimulia habari ya kuku wetu wa mwaka ule. Akina mama walicheka sana, isipokuwa mama mdogo. Yeye alinitazama, akaniuliza: "Na hiyo fedha ya redio na viatu, mwanangu, utailipa lini?"

Dawa ya deni ni kulipa. Nimewaandikia barua watu wa halmashauri ile, nikataja mwaka, jina la kikundi na fungu nililochukua, nikauliza nililipe kwenye akaunti gani. Bado sijajibiwa. Nikijibiwa, nitakwambieni hapa hapa.

Ndugu msikilizaji, hadi wiki ijayo, kwa heri.